Mazungumzo ya Nyumbani: Tamthilia Zinazoingia Nyumbani Mwetu



Miezi minne iliyopita mama mmoja wa Mugumu alituletea barua fupi, nayo aliiandika kwa uchungu. Asema kuwa tangu iliponunuliwa simu kubwa ya kioo nyumbani kwake, watoto hawasikii adhana wala hawasikii wanapoitwa kwenda kuchota maji. Kila mmoja yumo katika tamthilia ya Kituruki. Mumewe ataka kuivunja simu hiyo. Yeye mwenyewe, na nimempenda kwa kusema kweli, ahofia kuwa mumewe akiivunja atakosa kujua mwisho wa kisa. Basi atuuliza: je, kutazama ni haramu? Na kama si haramu, ipi itazamwe na ipi iachwe?

Nimechelewa kumjibu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma chuoni, nikasoma shule ya msingi, basi. Hukumu za halali na haramu zina wenyewe. Ya pili ni kuwa sikutaka kukihukumu kitu nisichokijua. Nimekaa tangu wakati huo nikitazama pamoja na watu wa nyumba yangu hapa Tarime, usiku kwa usiku, umeme ukiwapo na fedha ya intaneti ikipatikana. Ninayoyaeleza leo ni yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza tusijifanye kwamba hadithi ni kitu kigeni kwetu. Wanaoisoma Sira wanamjua Nadhr bin al-Harith, Mkureshi aliyesafiri hadi Hira akajifunza khabari za wafalme wa Fursi, na visa vya Rustam na Isfandiyar. Mtume s.a.w. alipokuwa akiondoka katika baraza baada ya kuwaonya watu, Nadhr alikuwa akikaa mahali pale pale na kuwasimulia visa vyake, ili wayasahau waliyoyasikia. Wako wanaoichukua khabari hiyo na kusema: mwaona, hadithi zote ni za Nadhr! Lakini hao hao wanajua kuwa Mwenyezi Mungu katika Sura ya Yusuf amemsimulia Mtume wake kisa kizima, tangu ndoto ya utotoni hadi kuonana tena kwa baba na mwana, na akakisifu. Na wanajua pia kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume s.a.w. akamsitiri Bibi Aisha naye akatazama mpaka akatosheka mwenyewe. Kwa hiyo Nadhr hakulaumiwa kwa kusimulia. Alilaumiwa kwa kuyatumia masimulizi kuwa pazia la kuificha haki, na hapo ndipo mimi ninapoweka mizani yangu: kisa hiki chanifunika nisione, au chanifunua?

Na kisa kina nguvu, asitudanganye mtu. Nalikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu Radio Tanzania ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993. Walio rika langu hawajamsahau Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, wala mkewe Tunu aliyevumilia mpaka akachoka, akamwacha akajitafutia riziki yake. Wenye kuutunga mchezo ule walifanya jambo la werevu: kwa miaka miwili, tangu 1993 mpaka 1995, Dodoma haikurushiwa mchezo huo, ili wapime kama waliousikia watabadilika kuliko wasiousikia. Wakaona kuwa walibadilika, katika mambo ya uzazi na katika kujihadhari na UKIMWI. Kama redio ya betri, isiyo na picha, iliweza kuingia katika chumba cha mtu na mkewe na kuyageuza mazungumzo yao, seuze kioo chenye rangi ambacho mtoto alala nacho chini ya mto!

Sasa nije kwa Waturuki, maana ndio walioulizwa.

Tamthilia inayopendwa mno na vijana wetu wa Kiislamu ni ile ya Ertugrul, iliyotungwa na Mehmet Bozdağ na kuonyeshwa na televisheni ya serikali ya Uturuki, TRT, tangu 2014 hadi 2019. Ni khabari za kabila la Wakayi, wafugaji wa kuhamahama wa karne ya 13, na za kijana wao Ertugrul, baba wa Osman ambaye dola ya Kiothmani iliitwa kwa jina lake. Mimi nilikaa kuitazama kwa dharau. Usiku wa kwanza nikaona mahema, ng'ombe, kondoo, wazee wakishauriana katika duara, ndugu wakigombania uongozi, mama mzee ambaye neno lake halirudi. Nikamwambia mke wangu, hawa ni Wakurya waliovaa ngozi! Akacheka mpaka akatoa machozi. Tangu siku hiyo ikawa hapana wa kutuondoa.

Uzuri wake ni mwingi. Watu wake husali, humtaja Mwenyezi Mungu kabla ya kula na kabla ya kupigana, huwaheshimu wazazi, humtunza mgeni hata akiwa adui. Mtoto wetu wa Tarime, ambaye shuleni aghalabu ni mmoja au wawili katika darasa zima, huona kwa mara ya kwanza mashujaa wenye majina kama lake. Jambo hilo si dogo. Mvulana mmoja wa madrasa yangu, mvivu wa kusoma kupita kiasi, alikuja asubuhi moja akaniuliza: "Mwalimu, huyu Ibn Arabi ni nani?" Katika tamthilia hiyo Sheikh Ibn Arabi hutokea kila Ertugrul akiwa katika shida, akamwombea na kumpa mawaidha. Mimi nalikuwa nimelisikia jina lake tu. Niliona haya, nikamwambia anipe siku tatu, nikaenda kuuliza kwa wenye vitabu. Nikajua kuwa alizaliwa Murcia katika Andalus mwaka 1165, akafa Damascus mwaka 1240, na kuwa maulamaa wamekhitalifiana mno juu ya maneno yake, wengine wakimwita sheikh mkubwa kuliko wote na wengine wakimkataa kabisa. Lakini kuwa alikutana na Ertugrul, hilo halikuthibiti popote.

Na hapa ndipo ninapotaka vijana wanisikilize vizuri. Wenye tarikh hawajui ila machache sana juu ya Ertugrul wa kweli. Jina lake limeonekana katika sarafu ya mwanawe Osman, kaburi lake lipo Söğüt, na wasemao kuwa alifariki karibu na mwaka 1280 husema kwa kukadiria. Yaliyobaki, na ndiyo karibu yote mnayoyaona, ni ya mtungaji. Si dhambi kutunga. Dhambi ni mtu mzima kusimama barazani akatoa ushahidi wa dini kwa maneno ya mchezaji, na mimi nimewasikia wafanyao hivyo. Kadhalika damu ni nyingi mno. Vichwa vinakatwa kama ndizi, na kila asiyekuwa Mwislamu ni mkatili au mjanja, ila wachache watakaosilimu baadaye. Sisi wa Tarime tunaishi ukuta kwa ukuta na jirani zetu Wakristo. Tunazikana, tunakopeshana chumvi. Mtoto akianza kumtazama mtoto wa jirani kwa jicho la upanga, mzazi aizime tamthilia na aseme naye usiku huo huo, asingoje kesho.

Watawala nao wameigombania. Imran Khan alipokuwa Waziri Mkuu wa Pakistani aliisifu, ikaonyeshwa huko kwa Kiurdu tangu Ramadhani ya 2020. Mwaka huo huo Dar al-Ifta ya Misri ikawaonya watu wajihadhari na tamthilia za Kituruki kwa kuwa, kwa maoni yao, zinatumiwa kueneza siasa za Uturuki. Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa zikisema siasa.

Ile nyingine, iliyojulikana hapa kwa jina la Sultan, ambayo Azam waliionyesha kwa sauti za Kiswahili, sitaisema kwa urefu. Ni khabari za Sultani Suleiman aliyetawala tangu 1520 hadi 1566, na za Hurrem, mtumwa aliyepanda mpaka akawa mkewe. Wafasiri wetu walifanya kazi nzuri sana. Kiswahili chao ni kitamu, na wako akina mama waliojifunza maneno mapya kwao. Lakini kisa chenyewe ni fitina za wanawake wa nyumba moja juu ya mwanamume mmoja, sumu, uchawi na vifua wazi. Huko kwao Uturuki kiongozi wao Erdoğan aliishutumu mwaka 2012, akasema kuwa Suleiman wanayemjua wao alikaa miaka 30 juu ya farasi. Nyumba zenye mitala, nawanasihi khasa: msiitazame. Nimewahi kuitwa kusuluhisha wake wenza ambao kila mmoja alikuwa akimwita mwenziwe kwa jina la mtu wa ndani ya tamthilia hiyo, na kazi haikuwa nyepesi.

Wameniuliza wengine juu ya tamthilia ya Kiarabu ya Sayyidna Umar, iliyoonyeshwa Ramadhani ya 2012, kazi ya mtengenezaji Hatem Ali wa Syria. Al-Azhar waliipinga, kwa kuwa hawaoni vyema Masahaba wakubwa kuigizwa na mchezaji. Na maulamaa wengine, akiwamo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, walikuwa katika jopo lililoyapitia maandishi yake kabla haijapigwa. Basi kuna khitilafu, na kwenye khitilafu mimi hukaa upande wa tahadhari: nyumbani kwangu hatukuitazama. Aliyeitazama simlaumu.

Kwa watu wazima wanaotaka kisa cha kwetu, nimeona kimoja cha Kenya kiitwacho Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kutolewa na Netflix, mwezi wa Julai 2022. Ni vipande sita tu, na katika hivyo mtasikia Kiswahili, Kiingereza na Kikamba. Binti mmoja, Akisa, aliyekaa Nairobi miaka kumi, arudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya dhahabu yaitaka ardhi ya wazee wake. Sisi ambao Nyamongo si mbali nasi, na ambao tumeona tangu mgodi ule ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2002 jinsi ardhi inavyopata bei na ndugu wanavyopoteza undugu, hatuhitaji mkalimani hapo. Lipo jambo moja walilolionyesha vizuri: kwamba mwenye fedha hahitaji kuwashinda wanakijiji wote, yamtosha kumpata mmoja ndani ya kila nyumba. Lakini haifai kwa watoto, wala mtu asiitazame na mkwewe. Yamo ya chumbani.

Sasa hesabu kidogo, maana mimi ni mwalimu. Ertugrul ilipoingizwa katika Netflix ilikatwa vipande 448. Kila kipande tukikifanya dakika 45, jumla ni saa 336. Yaani siku 14 kamili, mchana na usiku, bila kulala wala kula. Msomaji wa Kurani mzito, anayechukua saa nzima kwa juzuu moja, huikhitimu kwa saa 30. Basi katika muda wa Ertugrul mmoja angekhitimu mara kumi na moja na kubakiwa na saa sita za kulala. Nilipoiandika hesabu hii ubaoni madrasa ikanyamaza. Kisha kijana mmoja akainua mkono, akauliza: "Na wewe Mwalimu umefika kipande cha ngapi?" Nikamjibu kweli: cha 112. Hesabu ilinirudia mwenyewe kifuani.

Walakini nitasema na la kuwatetea. Zamani, tamthilia ilikuwa na saa yake. Ukienda kusali Magharibi imekupita, na watu wengi wakaiuza sala kwa ajili hiyo. Hizi za intaneti hukungoja. Wagusa kioo, shujaa ainua upanga wake na kubaki ameuinua mpaka umalize sunna na nyiradi zako. Kwa hiyo udhuru wa zamani umekufa. Ubaya ni kuwa kipande kikiisha chenyewe hukuvuta katika cha pili bila kukuuliza. Hilo lazima mtu alizime katika mipango ya simu, na mtoto wa miaka kumi atawaonyesha jinsi ya kulizima. Nyumbani kwetu tumekubaliana kipande kimoja kwa usiku, baada ya Isha, sebuleni, sauti ikiwa wazi. Vile vijispika vya kutia masikioni nimevikataza. Kinachosikiwa na mmoja peke yake, baba hana njia ya kukijibu.

Niliyoyasema mpaka hapa ningeweza kumwandikia yule mama tangu mwezi wa kwanza. Lililonizuia ni jambo lililotokea katika nyumba yangu, nami nimemwomba mke wangu ruhusa kabla ya kulieleza.

Binti wa jirani yetu, asomaye chuo, alikuja likizo na kompyuta yake ndogo. Akatuambia: mmezoea vya Uturuki, leo tazameni cha kwenu. Ilikuwa filamu ya 2018 ya Giselle Portenier, mwandishi wa Kanada, na si tamthilia bali ni mambo ya kweli yaliyopigwa picha Serengeti katika msimu wa kukeketa. Mwaonekana wasichana wa miaka kumi na kitu wanaokimbia makwao usiku, wakaenda katika nyumba salama ya Mugumu kwa Bi Rhobi Samwelly. Na wazazi wanaokuja kuwadai. Na baba ambaye amekwisha kuhesabu ng'ombe atakaowapata. Hapana mchezaji humo. Lugha ni yetu, vilima ni vyetu.

Binti yetu wa miaka 13 alikuwa amekaa mkekani baina yetu. Mke wangu ni mtu wa Serengeti. Alisilimu kabla ya kuoana nami, na katika miaka 24 ya ndoa yetu hakuwahi hata siku moja kuyasema ya utoto wake, wala mimi sikumwuliza. Niliona ni kumstahi. Filamu ilipofika mahali msichana anapokimbia, mke wangu akasema, taratibu, bila kumtazama mtu: "Mimi sikukimbia."

Hapana aliyesema neno. Binti yetu akamsogelea mamaye akalaza kichwa chake pajani mwake.

Ni lazima niwaeleze kuwa kaka wa mke wangu alikuwa amekwisha kuniambia mara mbili kwamba mwezi wa Desemba nimpeleke mtoto nyumbani kwa bibi yake, "akawe mtu na wenzake". Nami nilikuwa nikimjibu shemeji yangu, inshallah, tutaona. Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka 30 kuwa inshallah si neno la kukwepa, na mimi nikalitumia kukwepa. Nilikuwa naijua sheria, kuwa tangu 1998 kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania. Nilikuwa naijua na fatwa, kuwa Mufti wa Misri Sheikh Ali Gomaa alitangaza mwaka 2007 kuwa jambo hilo ni haramu. Niliogopa kugombana na wakwe. Hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Asubuhi yake mke wangu hakuningoja. Alichukua simu, ile ile ya Ertugrul, akampigia kaka yake, akazungumza naye kwa Kikurya kwa muda mrefu nje chini ya mwembe. Aliporudi aliniambia: "Baba watoto, nimemwambia hatakuja. Nimemwambia na sababu. Hajawahi kuisikia kwangu." Nikamwuliza kaka yake amejibu nini. Akasema, amenyamaza, kisha akakata simu.

Basi, mama wa Mugumu, jawabu yangu ndiyo hii. Mwambie mumeo asiivunje simu, bali ailete sebuleni akae nanyi atazame. Watoto wachote maji kwanza. Ertugrul itazameni kwa kipimo, Sultan iacheni, na filamu ile ya kwenu itafuteni, kwani nyumba yenyewe i karibu nanyi. Na kama yuko msichana katika jamaa zenu ambaye Desemba yamtisha, nyumba salama iko hapo Mugumu, na huku kwetu Tarime kiko kituo cha Masanga. Hawaulizi dini ya mtu mlangoni.

Shemeji yangu hajapiga simu tena mpaka leo. Bibi wa mtoto, lakini, alituma juzi debe la ulezi na kuku wawili kwa mtu wa gari, bila salamu wala maneno, na mke wangu asema kuwa kwa mamaye hiyo ni barua ndefu. Likizo ya Desemba binti yetu atakuwa hapa. Ameniomba tuendelee na Ertugrul kutoka kipande cha 113, nami nimekubali, kimoja kimoja, baada ya Isha.